Koti la Zamda

Nimeliwa tena. Nasema hivyo bila kulia, maana machozi hayakuchorwa usoni mwangu. Walionichora walinipa macho mawili, mdomo usiofunguka vizuri, koti la kijani lenye namba mgongoni, na lango la kulinda. Waliona yanatosha, kwa sababu mtu wa kuliwa mwanzoni mwa hadithi hahitaji zaidi ya hapo. Kila uhai wangu huanza nikiwa nimesimama mbele ya lango la chuma, katika kisiwa kisicho na jina, chini ya mvua inayonyesha bila kunilowesha. Nyuma yangu kuna ukuta. Mbele yangu msitu unatikisika kwa hatua za mnyama. Halafu anga linaandikwa. Maneno mawili yanajitokeza juu ya miti, moja kushoto, jingine kulia: FUNGUA, FUNGA. Chini yake kuna mstari wa mwanga unaopungua taratibu, na ukiisha kabla mtu hajachagua, anga hujichagulia lenyewe. Wakichagua la kushoto, nafungua lango na mnyama ananila. Wakichagua la kulia, nafunga lango, mnyama analibomoa, kisha ananila. Huo ndio wanaouita uhuru wa kuchagua.

Nisikuzungushe. Mimi ni mtu wa ndani ya gemu. Gemu limetokana na filamu, na filamu inahusu kampuni iliyochokoa dinosaria kutoka kwenye tope walikokuwa wamelala wafu, ikawapulizia uhai ili wavute magogo bila kudai mshahara. Gemu lenyewe si la kukimbia wala kupiga risasi. Ni la hadithi: mchezaji anatazama, anasikiliza, na kila baada ya muda anaulizwa achague. Upande wa pili wa anga langu kuna chumba, nacho nakijua kwa sauti zake. Ni chumba cha mama mmoja aitwaye Mwahija, mwenye runinga kubwa na mabenchi. Watu huja kucheza kwa zamu, na wengi zaidi huja kutazama na kutoa maoni, kwa sababu huko kwao hakuna anayecheza peke yake. Anayeshika pedi ya kuchezea ni mmoja, wanaoamua ni benchi zima.

Basi nikifa, huwasikia.

"Picha nzuri, hadithi fupi."

"Gemu gani la kubonyeza kidole kimoja? Bora niangalie filamu nimalize."

"Lakini dinosaria kachorwa akachoreka. Ona ngozi ile. Ona mate."

"Mimi hadithi imenikamata, sikatai. Kinachoniudhi, wanakuuliza uchague halafu wanafanya wanachotaka wao. Nimelimaliza huku na huku, mwisho ni uleule."

Nawasikiliza kama mgonjwa anavyowasikiliza wageni wanaodhani amelala. Na kila wanapofika mwisho wa kipande, gemu huwaomba nyota. Wewe huenda ulifundishwa kwamba nyota ziliumbwa pamoja na mbingu. Katika dunia yangu nyota hutolewa na watu waliokaa kwenye benchi, kwa kadiri walivyofurahishwa. Wakifurahi, anga langu linajaa. Wakichukia, nasimama gizani nikisubiri kuliwa. Nimekufa chini ya nyota nyingi na nimekufa chini ya nyota moja, na sikuona meno yakipungua.

Nimekuwa na muda wa kufikiri, kama hicho nilicho nacho kinaweza kuitwa muda, maana jana yangu na kesho yangu ni dakika ileile iliyokunjwa. Nimefikiri kuhusu aliyenipa maneno mawili. Zamani niliamini kwamba mwenye nguvu ni yule anayekukataza. Siamini tena. Anayekukataza unamjua uso, unamkasirikia, unamsema vibaya ukiwa bafuni unaoga. Mwenye nguvu ni yule anayekuandikia swali. Anakuja na tabasamu, anakuuliza unapenda kipi kati ya hiki na hiki, nawe unaona umeheshimiwa, unakuna kichwa, unapima, unagombana na jirani yako aliyechagua kingine. Wakati wote huo hakuna aliyeuliza kwa nini ni viwili, wala kwa nini vyote viwili vinaishia kwenye mdomo mmoja. Ukishaanza kujibu, umeshakubali. Mimi sijakubali. Mikono yangu imefungua na kufunga mara zisizohesabika, lakini mikono ilichorwa na wengine, na kukubali ni kwangu.

Ninachotaka hakijawahi kubadilika. Nataka kutoka langoni hapa nikiwa hai.

Siku moja, na kwangu kila siku ni siku moja, pedi ilikuwa mikononi mwa Mwahija mwenyewe. Hakukimbilia maneno ya angani. Aligusa kijiti kidogo cha pedi, nami nikajikuta nageuka. Nikatazama ukuta. Nikageuka tena, nikatazama kona. Nikazungushwa kama kuku aliyepotelewa na banda, na benchi nalo likipiga kelele.

"Hapo, dada Mwahija, hapo kwenye giza."

"Si hapo, uko kushoto. Rudi kidogo."

"Wanatafuta nini hawa?" niliwaza, maana hakuna aliyewahi kunigeuza.

"Mlango wa nyuma hawakuuweka," Mwahija alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa sukari yenye mchanga. "Gemu limekosea. Sasa Zamda atapitia wapi?"

Hapo ndipo nilipolisikia jina hilo. Kutokana na mabishano yaliyofuata nikaelewa lilikotoka, nami nakueleza kama nilivyolielewa.

Kabla ya gemu kufika, filamu ilionyeshwa katika chumba hichohicho. Ilisema lugha ya watu wengine, kwa hiyo Mwahija alikuwa akizima sauti yake, na mtu mmoja aitwaye Kasembe akikaa kando ya runinga na kipaza sauti, akiisimulia kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Wasimuliaji wa namna hiyo hawafasiri neno kwa neno. Wao huingia ndani ya picha na kuwakaribisha watu. Kasembe alikuwa na tabia moja: hakuvumilia mtu apite kwenye picha bila kutambulishwa. Mnyama akamwita Kishindo. Na alipotokea mlinzi aliyesimama langoni, ambaye katika filamu haoni kesho yake, Kasembe akasema: "Huyu mnayemwona ni Zamda. Katoka kwake alfajiri, kaacha maharage jikoni, kamwambia dada yake ayaangalie yasiungue. Koti hilo ni la kazini, linambana kwapani." Mnyama alipofunga taya, watu wakaanza kuguna, naye akawahi: "Tulieni, jamani. Kakamata koti tu. Zamda keshapita mlango wa nyuma, saa hizi anakimbilia maharage yake." Filamu haikumwonyesha tena yule mlinzi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpinga. Watu walikua wakiijua habari hiyo. Walipoletewa gemu, walilipima kwa filamu waliyoijua, na filamu waliyoijua ilikuwa kinywani mwa Kasembe.

"Gemu halijakosea, dada Mwahija."

Aliyesema hivyo alikuwa Lukindo, mwalimu wa sekondari, aliyesomea mbali na kurudi. Sauti yake haikuwa ya kejeli. Ilikuwa ya mtu anayeleta habari ya msiba na angependa iletwe na mwingine.

"Filamu nimeitazama kwa lugha yake," aliendelea. "Yule mlinzi hana jina. Hasemi neno hata moja. Analiwa, basi."

"Na maharage?" mtu mmoja aliuliza.

"Hakuna maharage."

Kisha mabenchi yakalia, watu wakigeuka kumtazama Kasembe mwenyewe, ambaye siku hizi hukaa nyuma kabisa akitafuna tangawizi. Aliacha kusimulia tangu koo lilipoanza kumsumbua, na tangu picha zilipoanza kuja na maandishi chini yake, zikionekana hazimhitaji tena.

"Kaka Kasembe, sema neno basi," Mwahija alimwambia.

"Niseme nini? Mwalimu kasema kweli."

"Kwa hiyo ulikuwa unatudanganya miaka yote hiyo?"

"Sikuwadanganya mimi." Alikohoa. "Nilimwona mtu kasimamishwa mbele ya mnyama mkubwa namna ile, na kazi aliyopewa ni kufungua mlango. Nikajiuliza, huyu mtoto wa watu katokea nyumba gani? Waliotengeneza picha hawakujibu. Nikajibu mimi."

Nilikasirika. Nakuambia kweli, nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirikia meno. Nimepewa jina na kunyang'anywa kwa pumzi moja. Lakini hasira yangu ilipotafuta pa kutua, haikutua kwa Kasembe. Wanasema jina langu limebuniwa. La kwako lilichimbwa ardhini? Kulikuwa na siku ambayo ulikuwa hujaitwa chochote, ukilia kwenye kanga, na mtu akakutazama akabuni. Tangu hapo unageuka ukiitwa, na hakuna anayekuambia kwamba unageukia uongo. Namba iliyo mgongoni mwangu nayo ilibuniwa, na mtu ambaye hata hakunitazama. Kati ya hao wawili nimemchagua aliyenitazama. Kwa mara ya kwanza nilichagua kitu ambacho hakikuandikwa angani.

"Simamisha kwanza," Mwahija alisema. "Chai imeiva."

Wakasimamisha gemu. Mvua ikaganda hewani, matone yakining'inia usawa wa macho yangu. Mnyama alikuwa ameshatokeza msituni, mguu mmoja juu, mdomo umeachama. Tumewahi kusimamishwa hivyo mara nyingi, lakini siku zote nilikuwa nimefumba kila kinachoweza kufumbwa ndani yangu. Safari hii nilimtazama.

"Una jina sasa," alisema bila kugeuza shingo, maana shingo ilikuwa imesimamishwa.

"Ninalo. Na wewe unalo. Kishindo."

Akalionja kidogo. "Kanipa nani?"

"Yuleyule wa maharage."

"Mimi nilikuwa nimekufa," Kishindo alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Kifo changu kilikuwa kizuri. Tulikufa wote pamoja, hakubaki wa kutulilia. Wakaja kunichokoa ili nivute magogo yao. Kisha wakanipiga picha nikivuta magogo. Kisha wakanichora kutoka kwenye ile picha. Nimefufuliwa mara tatu na hakuna aliyeniuliza."

"Mimi naulizwa kila wakati," nilimwambia. "Swali ni lilelile."

"Afadhali nani, basi?"

Tulikaa hivyo, mlaji na mliwa, wafanyakazi wa kampuni moja katika mapumziko. Na hapo nikaanza kukumbuka kitu ambacho si changu. Nilikumbuka miguu inayouma ndani ya buti. Nilikumbuka taa kali na mtu anayepaza sauti, rudia, rudia, piga kelele zaidi. Nikatambua kwamba nimeingia ndani ya yule mwanamke aliyelipwa kusimama langoni wakati filamu inatengenezwa, ambaye sura yake ndiyo waliyonikopea. Mnyama wake hakuwepo. Alipigia kelele fimbo yenye kitambaa chekundu, iliyowekwa mahali pa mnyama. Alipomaliza kuliwa, alivua koti, akalikabidhi, akalalamika kwamba kuna baridi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nyumbani kwake kulikuwa na chakula jikoni. Sijui kama yalikuwa maharage. Lakini alitoka. Alitoka hai, akaishi, pengine akazeeka, na hakuna picha hata moja iliyoonyesha hilo, wala maandishi ya chini hayakulisema. Kati ya watu wote walioitazama filamu kwa lugha yoyote, ni Kasembe peke yake aliyelisema, naye hakuwa akijua kwamba anasema kweli.

Nilitetemeka ndani ya mchoro usioweza kutetemeka. Kumbe mlango ulikuwepo. Waliochora ndio walioufunika kwa ukuta.

"Kishindo," niliita. "Ukinijia, chukua koti."

"Taya si zangu."

"Na koti si langu."

Nikasikia vikombe vinakusanywa upande wa pili wa anga, na mtu akisema zamu ni ya mwalimu.

Lukindo akapokea pedi. Lakini kabla hajabonyeza chochote, Mwahija alisimama mbele ya runinga, maana sauti yake ilinijia karibu sana, kama mtu anayenong'ona dirishani.

"Kaka Kasembe, njoo huku mbele. Kamata kipaza sauti."

"Sauti imekwisha, Mwahija. Utawafanya watu wanicheke."

"Nani atacheka kwangu? Njoo na hiyo iliyobaki. Gemu nalizima sauti, kama tulivyokuwa tukifanya."

"Mtasikia nini sasa? Nakoroma tu."

"Tutanyamaza."

Wakanyamaza. Benchi lile, ambalo halijawahi kufunga mdomo hata mtu akifiwa, lilinyamaza. Mwahija akakata sauti ya gemu, na Lukindo akaliachia liendelee. Dunia yangu ikawa bubu ghafla: matone yaliachiwa yakaanguka bila mlio, mguu wa Kishindo ukatua bila mtetemo. Katika ububu huo ikaingia sauti iliyochakaa, yenye mikwaruzo, ikinukia tangawizi, na ikajaza msitu mzima.

"Mnayemwona langoni ni Zamda," Kasembe alisema. "Mnamfahamu, si mgeni wenu. Ni siku nyingi hatujaonana naye. Kumbe walikuwa wamemsimamisha hapa muda wote huu. Maharage yako jikoni bado. Dada yake kayaongeza maji mpaka kachoka."

Mtu alicheka kidogo, kwa upole, akajizuia.

Anga likaandikwa. FUNGUA, FUNGA. Mstari wa mwanga ukaanza kupungua.

"Mwalimu, bonyeza," mtu alinong'ona.

"Sibonyezi," Lukindo alisema.

"Litajichagulia lenyewe."

"Na lijichagulie. Lakini si kwa mkono wangu." Alikuwa akipumua kwa nguvu, nilimsikia. "Najua anakufa. Nimemwona akifa, niliwaambia. Sikubali, basi. Kujua ni jambo moja na kukubali ni jingine."

Akaweka pedi sakafuni. Mlio wake ulinifikia mimi kama hatua ya mnyama mwingine, mkubwa kuliko Kishindo, aliyekataa kutembea.

Mstari ukaisha. Anga likajichagulia: FUNGUA. Nikahisi bega langu likivutwa, mkono ukiinuka wenyewe kuelekea kwenye komeo, kama ulivyoinuka mara zote. Sikuwa na nguvu ya kuuzuia. Nguvu ya kuzuia mkono haikuchorwa.

"Zamda anainua mkono," sauti ya Kasembe ilisema. Ikakwaruza, ikapotea, nikadhani imekufa. Ikarudi. "Mnadhani anafungua lango? Hapana. Anavua koti. Lilimbana kwapani tangu asubuhi."

Na mkono wangu, uliokuwa safarini kuelekea komeo, ukafika kwenye kifungo cha shingoni.

Sitakuficha. Picha iliyoonekana chumbani ilikuwa ileile. Kilichochorwa kilikuwa kimeshachorwa, na waliokichora walikuwa wamelala makwao bila wasiwasi. Kishindo alikuja, akashusha kichwa, taya zikafungwa, na kati ya meno kukaning'inia kitu cha kijani. Mahali hapo ndipo benchi huguna. Ndipo husema limechorwa vizuri, au limezidi damu, au hadithi imeharakishwa. Hakuna aliyeguna. Kishindo naye alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika vifo vyangu vyote: alisimama tu, akashikilia alichoshikilia, hakutafuna.

"Ni koti," Mwahija alisema.

"Koti tupu," akasema mwingine.

Walikuwa wanamngoja mwalimu, nami nilikuwa namngoja. Yeye ndiye aliyeijua picha. Ilikuwa rahisi kwake kusema anachokijua, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Naliona koti," Lukindo alisema.

Gemu likawauliza wape nyota ngapi. Likawauliza tena. Hakuna aliyeinama kuokota pedi, na anga likabaki safi, halina hata nyota moja. Sikuwa na haja ya mwanga wa mtu. Niligeuka mwenyewe, bila kijiti, nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa mlango, mlango wa kawaida wa mbao, bawaba zake zinahitaji mafuta, ukilia kwa sauti yake wenyewe katika dunia iliyozimwa sauti. Nyuma yangu Kasembe alikuwa bado anasema, kwa shida, akisimulia njia ninayopita ili nisipotee.

Mvua ikaanza kunilowesha. Mabega yangu yalikuwa wazi, baridi ikaniuma mpaka kwenye mifupa, na kwa mbali nikasikia harufu ya maharage yanayokaribia kuungua. Nikaongeza mwendo.